Risasi Iliyomwangusha Pofu na Kumrudisha Anyitike

Wenzangu wa Matema, mmenichosha. Nikienda kuchota maji, "Bibi, ni kweli?" Nikikaa kufinyanga, "Bibi, ni kweli mkamwana wako alitembea kinyumenyume?" Basi nimekaa naandika. Herufi hizi nilifundishwa misheni masika mawili tu, zimelala upande kama migomba iliyopigwa na upepo, lakini mtazisoma, na asiyejua kusoma atasomewa. Habari za vyeti na mihuri naziruka, hizo ni za makarani. Mimi nawaambia tulivyokwenda, tulivyokula, na tulivyoijua risasi inayomfaa pofu. Kwa hilo la mwisho, kuanzia leo mniite fundi.

Kilichotutoa nyumbani ni hiki. Mwanangu Anyitike alichukuliwa awe mpagazi wa bwana shauri, yule Mdachi mkubwa wa boma. Wakamtwika sanduku, ndani yake kichwa cha pofu na pembe zake. Bwana alimpiga mwenyewe pofu yule, akataka kumpeleka kwao Ulaya akamtundike ukutani. Asiyemjua pofu, ni mnyama wa uwanda wa juu kule milimani, mkubwa kuliko fahali wa ng'ombe, na ngozi inamning'inia shingoni. Basi walipofika mto Lufilyo maji yamejaa, Anyitike akateleza, sanduku likaenda na mto. Kwisha.

Bwana shauri akamweka kuvunja mawe ya barabara. Akamwambia mume wangu, "Pembe zangu, au nyingine kama hizo, zikifika kabla meli yangu haijaondoka, mwanao anarudi. Bunduki utachagua bomani. Nikishaondoka, anayekuja baada yangu atawapeleka wavunja mawe wote mbali." Mbali wapi, hakusema. Meli ilikuwa iondoke mwezi mpya ukionekana, na mwezi uliokuwepo juu ulikuwa umeshaanza kumegeka.

Ziwani, mitumbwi miwili

Tulikwenda watatu. Mume wangu, mimi namwita Baba Anyitike, mwindaji tangu hajaota ndevu. Mimi. Na Tumpe, mke wa Anyitike, ameolewa mavuno ya mpunga yaliyopita tu. Ndugu zangu wakasema, mwanamke mchanga anafuata nini porini? Tumpe akaweka kikapu kichwani, akasema, "Mama, anayevunja mawe ni mume wangu. Nikibaki hapa nitamtazama nani?"

Nikamwambia, "Beba twende."

Sasa hapo safari ikawa ndefu kuliko ilivyo. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamwoni baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, jina lake halitaji, na mzee naye hivyohivyo. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hawajagombana, ni heshima. Kwa hiyo mtumbwi mmoja hautoshi. Ulio wetu ulikuwa mzima, wa jirani ulikuwa na tundu, tukangoja kutwa nzima tundu lizibwe. Watu wanangoja upepo, sisi tunangoja heshima.

Tukaondoka, mzee mbele, mimi na Tumpe nyuma. Mbele ya safari upepo ukageuka, mawimbi yakatusukuma sisi mpaka mitumbwi ikataka kugongana. Tumpe akajilaza chini akajifunika mkeka. Mzee akageuza uso milimani, akawa kama anahesabu mawingu. Mimi katikati napiga kasia nacheka peke yangu. Tukala ndizi za kuchoma na usipa, wale dagaa wa ziwa letu, tena kila mtumbwi na usipa wake.

Bomani: udongo unasema

Pale bomani bunduki zilitunzwa na askari mzee jina lake Faraji, mtu wa kutoka mbali, Kiswahili chake kinakimbia kuliko changu. Tumpe nikamwacha na wanawake nje ya boma. Faraji akazilaza bunduki tatu juu ya mkeka.

"Mzee, bwana amesema uchague. Hii ni gobole lako mwenyewe. Hii ya kwetu askari, risasi yake nene, moshi wake mwingi. Na hii nyembamba ni ya bwana, haitoi moshi. Ukiichukua hii, na mimi nakufuata, maana ikipotea nitavunja mawe pamoja na mwanao."

Baba Anyitike akashika risasi ya ile nyembamba kwa vidole viwili. "Hiki? Hiki kidole cha mtoto mchanga. Pofu atadhani ameumwa na mbung'o."

"Mbung'o anaua ng'ombe, mzee," Faraji akasema.

Nikacheka. Mume wangu hakucheka. Yeye anaamini kitu kinene ndicho kinachoua, na gobole lake hulishindilia chuma kilichokatwa kwenye jembe bovu, akipiga bega lake linavimba siku tatu. Wakabishana mpaka jua likawa kichwani. Mimi nikaona hawa watabishana mpaka meli iondoke. Nikasema, "Nyamazeni. Nileteeni udongo."

Mnajua kazi yangu. Udongo mbichi ukiukanda vizuri unakuwa kama nyama ya paja, ukiuchoma kidole unakumbuka kidole. Nikakanda matofali manne makubwa, kila moja shibiri nne kwenda ndani. Mbele ya kila moja nikaweka kipande cha ngozi ya ng'ombe na mfupa bapa wa bega, maana pofu hatembei uchi. Nyuma nikasimamisha shina la mgomba. Faraji akapiga moja moja. Kisha nikachukua uzi wangu, huu huu wa kukatia vyungu, nikayapasua tuone ndani.

La gobole: chuma kimevunja mfupa, kimeingia shibiri moja, kimelala upande. Kelele nyingi, safari fupi.

La bunduki ya askari: risasi imeingia mbili na nusu, imefumuka kama uyoga. Si mbaya. Lakini moshi wake ulitufunika wote, na kama pofu angekuwa pale, tusingejua ameangukia wapi.

La ile nyembamba, Faraji alisema ina risasi za aina mbili. Moja pua yake ni laini, madini ya risasi yako wazi kwa mbele. Nyingine imevaa koti la madini mwili mzima mpaka puani. Ile laini ilipogonga mfupa ilipasuka palepale. Ikachimba shimo ungeweza kuweka chungu cha mboga, lakini shimo halikuvuka shibiri moja. Ile ya koti ilipita mfupa, ikapita shibiri zote nne, tukaikuta ndani ya mgomba, nzima, kama ndiyo imetoka dukani.

Nikasema, "Basi tumejua. Nyembamba, na ya koti."

Baba Anyitike amechuchumaa, mkono mzima ameingiza kwenye lile shimo kubwa. "Mama Anyitike, tazama shimo hili."

"Naliona."

"Nani anapona na shimo hili?"

"Mwenye nyama nene. Pofu bega lake peke yake ni shibiri ngapi? Moyo uko nyuma ya bega, baba. Shimo lako litabaki mlangoni."

"Wewe finyanga. Mimi niwinde."

Faraji akatoa risasi tatu za pua laini na tatu za koti, akasema kila ganda lirudi hata kama ni tupu. Mzee akachukua tatu za laini. Zile za koti hakutaka hata kuzigusa. Sikubishana. Nikazifunga kwenye jani la mgomba, nikazizika ndani ya chungu cha unga, na chungu kikakaa kwenye kikapu cha Tumpe. Unga unazuia unyevu, na ukungu wa kule juu nilikuwa nimeusikia.

Kupanda kwa Wakinga

Tulirudi Matema, tukalala, tukaanza kupanda milima hii tunayoitazama kila siku. Kuitazama ni rahisi! Njia ni upana wa unyayo mmoja, mkono huu ukuta, mkono huu hakuna kitu. Mzee mbele, Faraji nyuma yake, mimi, halafu Tumpe mbali. Na njia hiyo haina majani ya kuingia. Mzee akisimama kupumzika, Faraji anapiga kelele, "Amesimama!" na Tumpe anageukia ukuta wa jiwe anasimama kama mjusi. Hivyo siku mbili. Ya tatu mvua, tukakaa chini ya mwamba kutwa, mzee na Tumpe wamepeana migongo, mimi katikati nagawa ndizi kulia na kushoto.

Faraji naye viatu vyake vya askari vilimla miguu. Alipofika kwa Wakinga, wenyeji wa milima ile, alikuwa anatembea kama bata. Nikamwambia, "Vua hivyo vidude." Akasema askari havui. Kesho yake miguu ilivimba, hata kama angetaka kuvaa isingeingia. Akabaki pale, akamkabidhi mzee bunduki kwa mikono miwili kama anatoa mtoto.

Aliyetupokea ni Sanga, Mkinga mwenye nyumba nzuri, mtu mwema sana, na wema wake nusura utuvunjie safari. Baridi ya kule inauma meno. Akawasha moto mkubwa, akapika njegere na viazi, akaleta ulanzi, ile pombe yao ya mianzi, tamu, inakudanganya. Akamwona Tumpe amejikunyata nje ukutani.

"Mama," akaniuliza, "yule binti amekosa nini?"

"Hajakosa kitu."

"Basi mzee ndiye mkali."

"Mzee si mkali. Ni mkwe wake."

"Ndiyo nakuuliza, amemkosea nini mkwe wake?"

Wao Wakinga wana yao, hiyo yetu hawaijui. Nikageuka kuchukua chakula, Sanga akatoka, akamshika Tumpe mkono kwa huruma, akamwingiza ndani akamkalisha motoni, magoti kwa magoti na baba mkwe. Weee! Tumpe aliruka kama chura, akapiga teke chungu cha njegere, akatokomea mvuani. Mzee alikuwa ameshaufunika uso kwa nguo na ulanzi umemwagikia tumboni. Sanga akasimama na kijiko mkononi. "Chakula changu kina nini?" Alinuna kabisa, akasema kesho haendi na sisi popote.

Na bila Sanga pofu tungemwonea wapi? Nikamkalisha, nikamweleza taratibu mpaka akaelewa. Kisha nikampa chungu changu kizuri kuliko vyote, chenye marembo mekundu, badala ya kile kilichovunjika. Akakigonga kwa kidole, kikalia vizuri. Akasema, "Watu wa ziwani mna mambo." Nikajua ametusamehe. Lakini siku moja ikapotea tena, na mwezi sasa ulikuwa kipande cha ukucha.

Uwandani

Kule juu ni nyasi tu na maua, hakuna mti. Ardhi nyingine ngumu, nyingine tope lililofunikwa na majani, huwezi kujua mpaka limekushika. Sanga akazunguka upande wa pili wa bonde ili pofu wakija kwake wamsikie, warudi kwetu. Mzee akatangulia anainama. Mimi nyuma yake. Tumpe nyuma yangu, kikapu kichwani.

Pofu husikika kabla hajaonekana. Magoti yake yanalia akitembea, tak, tak, tak, kama mtu anavunja vijiti. Tukasikia tak, tak. Ukungu ukafunguka kidogo, na yule pale, dume, peke yake. Jamani. Shingo yake kama gogo la mtumbwi. Pembe zimesokotwa, zimenyooka, hazina hata ufa.

Baba Anyitike akapiga. Bega, palepale alipotaka. Nikaona vumbi la ngozi, nikaona na damu. Pofu akayumba, akakimbia. Mzee akapiga ya pili, ikampata pajani. Ya tatu ilikwenda kwa Mungu. Kisha kimya, bunduki tupu.

Dume hakuanguka. Alikimbia nusu mduara, akasimama kwenye ukingo wa korongo, kichwa chini, anahema. Miguu yake ya mbele iko kwenye nyasi, lakini hatua tatu nyuma yake hakuna ardhi. Akienda kule pembe zinakuwa kuni. Na ukungu unapanda kutoka korongoni, unakuja kama maziwa yanayochemka.

Mimi nikataka kumkimbilia mzee. Hatua ya pili tope likanishika, likanimeza mpaka magotini. Nikavuta mguu huu, ule ukazama. Nikamtazama Tumpe. Pofu alipozunguka, sote tuligeuka, na sasa Tumpe ndiye aliyekuwa karibu na mzee kuliko mimi. Ameshakaa chini, ametugeuzia mgongo, nguo kichwani, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Tumpe! Zile za unga!"

"Mama, njoo uchukue!"

"Nimenasa!"

"Vuka!"

"Nimenasa, mwanangu, nimekwambia nimenasa!"

Mzee naye akapiga kelele bila kugeuka, "Mama Anyitike! Leta hizo za koti!" Sasa ndiyo anazitaka.

Tumpe akavuta kikapu karibu. Najua alichokuwa anafikiri, maana mimi pia nilikuwa mkamwana wa watu. Kisha nikamwona anaingiza mkono kwenye chungu. Akasimama. Akajifunika nguo mpaka machoni, akampa mzee mgongo, risasi tatu mkononi, mkono nyuma ya kiuno. Akaanza kwenda kinyumenyume.

Hatua thelathini, wenzangu! Juu ya nyasi zenye mashimo. Nami nipo topeni namwongoza kama naingiza mtumbwi.

"Kushoto! Kushoto kidogo! Jiwe hapo! Inua mguu! Nyooka hivyohivyo!"

Mzee akasikia nyayo zinakuja. Akageuzia uso upande wa pofu, akaunyoosha mkono nyuma, kiganja wazi.

"Simama!" nikapiga kelele. "Tumpe, shusha mkono! Baba, pandisha! Si huko! Pandisha!"

Risasi moja ikaanguka nyasini. Ya pili ikateleza kwa unga, ikaanguka nayo. Ya tatu ikafika.

Najua mnachotaka kuniuliza. Waligusana? Mimi nilikuwa na tope machoni. Sikuona kitu.

Tumpe akajitupa chini, kichwa ndani ya nyasi. Mzee akaifuta risasi kwa nguo, akaitia. Pofu alikuwa ameanza kugeuka, mguu mmoja wa nyuma unatafuta ardhi. Mzee hakupiga bega safari hii. Alipiga nyuma ya bega, chini, pale mkono unapokutana na kifua. Mlio mmoja mkavu. Pofu akasimama kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema, akapiga magoti, akalalia ubavu. Pembe zikagusa nyasi taratibu.

Sanga alipokuja tukamfungua yule mnyama. Risasi ya kwanza, ile laini, ilikuwa imebomoa shimo kubwa juu ya bega, na vipande vyake vyote vimekwama kwenye mfupa. Ya koti ilipita moyoni ikatokea upande wa pili. Basi mwindaji yeyote atakayesoma hapa asikie maneno ya mfinyanzi: kwa mnyama wa nyama nene usitafute shimo kubwa, tafuta risasi inayofika. Na uweke nyuma ya bega.

Nyama tukawaachia Wakinga, wakatuimbia. Zile risasi mbili tukazitafuta kwa vidole mpaka zikapatikana, nikazihesabu na maganda yote, maana Faraji angelia.

Kushuka, na meli inatoa moshi

Kichwa tulikitia chumvi, Sanga na ndugu yake wakakibeba kwa mti mabegani. Faraji akashuka peku, viatu shingoni. Jioni tuliyofika ziwani mwezi haukuonekana kabisa. Kesho yake tukawa majini kabla jua halijatoka. Tulipolikaribia boma, meli ilikuwa imeshaanza kutoa moshi.

Bwana shauri alikuwa anashuka gatini na fimbo yake. Akaziona pembe, akasimama. Akazipima kwa fimbo, akapima tena. Akatazama ngozi ya shingo, hakuna tundu. Akasema neno moja kwa karani, na karani akakimbia kule barabarani.

Anyitike alikuja ana ndevu. Mikono yake imekuwa kama magome. "Mama, umekonda," ananiambia. Mtu huyo! "Ndaga fijo," akamwambia baba yake, anashukuru kwa Kinyakyusa, akapiga goti. Halafu macho yakaanza kuzunguka. Nikamwonyesha kwa mdomo ile migomba nje ya boma, Tumpe yuko nyuma yake kwa sababu mzee yuko huku. Akaenda mbio. Sisi wazee tukatazama meli.

Ilipopiga honi na kuondoka, Baba Anyitike akajongea karibu na migomba, lakini uso ameuelekeza ziwani. Akapaza sauti.

"Anyitike!"

"Naam, baba."

"Mwambie mkeo. Siku ile, uwandani, mkono wangu ulitetemeka. Wa kwake haukutetemeka."

Miaka yote hii sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu, hata kwangu. Anyitike akageuka kwenye migomba, "Tumpe, baba anasema—"

"Nimesikia," Tumpe akajibu kutoka nyuma ya majani. "Na wewe mwambie baba, wangu ulitetemeka kuliko wake. Ila yeye alikuwa hatazami."

Baba Anyitike akacheka mpaka akashika kiuno, peke yake, uso bado uko majini.